Kibakuli Kilichojaa

At-Bashy,
Naryn.
6 Novemba

Mpendwa wifi yangu Bermet,

Kwa hiyo hapana, hukuelewa hata kidogo, na ndilo nililotaka kukuambia juzi kabla hujakata simu. Tangu siku hiyo kila nikikupigia hupatikani. Nimeona niandike. Simu unaweza kuizima, lakini barua itakaa hapo mezani ikikungoja.

Kwanza, u hali gani? Unakula? Unapata usingizi? Sisi huku wazima. Theluji imeshashuka mpaka kwenye zizi, Mama miguu inamsumbua kama kawaida, na kaka yako ananenepa. Nikuambie ukweli, wifi, nina furaha mpaka naona haya. Asubuhi akitoka kulisha farasi nakwenda dirishani kumtazama mgongo tu, kama vile anasafiri. Mama ameniona, akasema, "Bibi harusi, zizi haliko Urusi. Atarudi."

Furaha hiyohiyo ndiyo iliyoharibu siku ile ya chai. Wewe ulikuwa umekaa karibu na mlango, umeninyooshea kibakuli chako. Kaka yako akaingia na kuni, akanitazama, na mkono wangu ukaendelea kumimina mpaka kikajaa. Hakuna zaidi ya hapo. Nusu kibakuli maana yake kaa nikuongeze, kilichojaa maana yake kunywa uende zako; hilo nalijua tangu utotoni, lakini dakika ile sikujua hata jina langu. Ndipo binamu yenu Taalai akaropoka, "Bermet, umeshatimuliwa. Bibi harusi hata wiki hajamaliza, ameanza kupunguza watu." Wote wakacheka. Ukacheka na wewe, ukainywa chai yote ikiwa bado ya moto. Asubuhi kitanda chako kilikuwa kimetandikwa na wewe hupo.

Halafu kwenye simu ukaniambia kwa sauti ndogo, "Usijali, wifi, nimeelewa. Hata mgeni ameona kwamba nimezidi humu ndani." Maneno hayo siyawezi. Ninayo hata nikikanda unga.

Cholpon, huyo unayeishi naye chumba kimoja huko chuoni, amezungumza na kaka yako. Anasema unalala umeugeukia ukuta, chakula kinachacha, darasani huendi. Anasema hukuanza juzi. Theluji ilipoyeyuka ulifeli mtihani mmoja wa uuguzi, ukasema wewe ni mjinga. Rafiki akachelewa kukujibu, ukasema amekuchoka. Mwalimu akakunja uso, ukasema ni kwa sababu yako. Jambo linaingia kichwani mwako dogo kama punje, na kufika jioni limekuwa hukumu. Unachoka kwa kuibeba, kisha unajihukumu tena kwa kuchoka. Kumbe siku ile ulikaa pale mlangoni umeshakuja na jibu lako. Ningekumiminia nusu, ungesema nimekunyima chai.

Sikulaumu. Cholpon anasema huo ni ugonjwa: huzuni inamzoesha mtu kujiwazia mabaya, na mawazo hayo nayo yanailisha huzuni. Anasema unatibika. Mimi namwamini.

Huku kila mtu ana lake. Mama alisema ni jicho, akachoma matawi ya mreteni, yale ya kufukuzia mabaya, na kuufukizia mto wako wa kulalia. Kaka yako mwanzoni alisema, "Uvivu tu. Aje nimpe koleo, atapona." Nikaendelea kukanda unga, kwa sababu bado mimi ni mgeni. Lakini Cholpon alipomwambia kwamba uliuliza kama nyumbani wataona tofauti usipokuwepo tena duniani, aliiweka simu chini, akaenda zizini na kukaa huko muda mrefu. Alirudi macho yamevimba. Akaniambia, "Huyu nilimfundisha mimi kupanda farasi. Hajawahi kuniambia kwamba anaogopa." Bado sijui kumfariji mume, wifi. Nilimshika mkono tu, tukalia wote.

Bermet, tofauti tumeshaiona. Mama akikata mkate hujisahau akakuwekea fungu lako, kisha hulifunika kimyakimya.

Ninakuomba jambo moja. Lile swali likikujia tena, usibaki nalo peke yako. Mwamshe Cholpon, hata kama amelala fofofo. Amekubali mwenyewe.

Mama anakusalimu sana. Taalai anakusalimu, ingawa siku hizi kwetu anaishia getini kwa aibu. Amemwambia Mama kwamba heri mdomo wake ungeshonwa kabla ya siku ile. Shangazi Sairagul naye anakuombea kila siku. Mungu akulinde, akupe usingizi usio na maneno ndani yake.

Sikuambii uje; tutakuja sisi. Barabara ya mlimani bado iko wazi, na kaka yako ameshazungumza na dereva. Tutakwenda pamoja kwa daktari, mimi nimekushika mkono huu na yeye ule. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni pako. Usifagie, usipike, usitafute la kusema. Ukisikia mtu anagonga, fungua tu.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda,
Nurzat