Bibi Harusi Ameota Ndevu

Jumapili, 8 Januari

Makubwa! Bibi Harusi ameota ndevu. Mtamba wangu mzuri wa mbuzi, mtoto wa Sukari, niliyetegemea arithi kiwele cha mama yake — ndevu! Ananuka kama beberu na anawapanda wenzake. Mama mkwe kasimama mlangoni mwa banda, kaziba pua. Kasema huyu wa pili sasa kugeuka hivi, banda lina nuksi, mbuzi wote waende bucha. Na maziwa ndiyo yanatulisha tangu mume wangu aumie mgongo. Nimesali.

Jumanne, 10 Januari

Bwana mifugo kaja. Kamwinua mkia, kaguna, kachukua damu. Nikauliza, ni jike au dume? "Mama, hata mwenyewe hajaamua."

Alhamisi, 19 Januari

Majibu! Damu ya Bibi Harusi ni ya jike — kromosomu X mbili, Y hakuna hata ya dawa. Bwana mifugo kachuchumaa, kanieleza taratibu. Kila nilipopotea nilimrudisha nyuma. Ni hizo pembe! Sisi hatutaki mbuzi wa pembe, wanaumizana viwele. Basi miaka yote tunapandisha wasio na pembe kwa wasio na pembe. Kumbe kuna kipande cha vinasaba kimekatika. Ndiyo sababu hawaoti pembe, na hapo hapo ndipo ilipo swichi ya ovari. Mtoto akirithi mkato huo kwa mzazi mmoja, hana pembe tu, kuzaa anazaa. Akirithi kwa wote wawili, naye ni jike, swichi haiwaki. Mwili unashika njia ya dume. Madume wenyewe wana amri yao kwenye Y, hawana habari.

Dawa? Beberu mwenye pembe, maana huyo hana mkato. Basi!

Nikamwambia mama mkwe si nuksi. "Mwanangu, pembe na uzazi wapi na wapi?" Nami niliuliza hivyo hivyo! Kakubali shingo upande: Sukari apandishwe mara moja. Akizaa huntha tena, si jike si dume, bucha, banda zima.

Alhamisi, 26 Januari

Seremala jirani kaleta beberu lake. Pembe kama usukani wa baiskeli! Limeng'oa mlango wa banda. Seremala kacheka: "Shemeji, hiyo ndiyo posa. Mlango nitautengeneza." Mama mkwe kajifungia ndani asione.

Ijumaa, 14 Aprili

Sukari tumbo linaonekana, alhamdulillahi. Mama mkwe bado anasema ni nuksi. Ila maganda ya viazi siku hizi hayafiki jalalani, na Sukari akisikia kandambili zake anainuka.

Bibi Harusi nimemwacha. Maziwa hana, lakini mbwa wote wanamkimbia. Mungu hakosei. Sisi ndio tulikuwa hatujui.

Jumapili, 25 Juni

Sukari anazaa! Naandika nimekaa juu ya gunia, vidole vinanata. Wa kwanza katoka. Nimemwinua mkia — jike! Jike kabisa, sawasawa. Na kipajini vishada viwili vya manyoya, pembe zinakuja. Nikalia kama mtoto. Mume wangu anauliza dirishani, "Vipi huko?" namnyanyulia mtoto amwone.

Mama mkwe hakulia. Kasema bado yuko wa pili, tusishangilie mapema. Kageuza ndoo, kaikalia, mkono mgongoni kwa Sukari.

"Sukuma, mwanangu. Sukuma."

Mwanangu! Jana alikuwa nuksi.

Kwato zinaonekana —