Nafasi Yangu Kwenye Meza ya Kahawa

Bujumbura, Jumanne, 1968

Ile harufu tena. Mdogo wangu Stefania amerudi kutoka kiwandani, kitambaa chake cha kichwa kinanukia kahawa mbichi. Nimejifanya nakikunja ili nikinuse.

Nilipojifungua, nilimwachia nafasi yangu kwenye meza ya kuchambua kahawa, anishikie mpaka mutoto atembee. Leo ametembea, kutoka mlangoni mpaka miguuni kwangu. Nikaanza kuwaza wenzangu, nyimbo zao, na mshahara wa mikono yangu mwenyewe.

"Dada, nimemuuliza kapita, yule msimamizi wetu, amekataa urudi," Stefania akasema. "Eti mwenye mutoto ataomba ruhusa kila siku. Na mi, kabla ya kunipa nafasi yako moja kwa moja, ameniuliza kama nina mchumba."

"Ukamujibu nini?"

"Apana."

 Mahari yake tumeshaipokea.