Aliyedaka Kamba

Kwa kitinda mimba wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka chumba kile kile cha juu ya ghala, dirisha lile lile linalotazama gati. Hujambo wewe na mume wako? Wajukuu zangu wanakula? Yule wa pili kifua chake kimepona? Mimi ni mzima, isipokuwa bega la kulia, na habari ya bega utaipata huko mbele, usirukie. Anayeniandikia ni fundi cherehani wa hapa chini. Nimemwambia aandike ninavyosema, maana mara ya mwisho alinipamba mpaka mkashangaa mama yenu amekuwa mpole lini.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu huniachi nimalize. Kwa hiyo kaa chini usome.

Tiketi ya basi na viatu vya safari nilivipata, ahsante mwanangu. Viatu vilinikaa barabara. Uliniuliza huku nimebakiwa na nini zaidi ya mto na panya, na kwa sababu ulisema kwa huruma, sikubisha. Nikafunga mizigo. Masufuria nikamgawia jirani.

Wewe gati unalijua kwa matusi tu. Shuleni walikuita mtoto wa kuli, ukarudi unalia, ukaapa ukikua utanitoa hapa. Umekua, na ahadi umeitimiza. Lakini gati lenyewe hulijui.

Zamani lilikuwa tope na mbao mbili. Mama yangu alipita hapo na ndoo kichwani akizama hadi magotini. Yakaja mawe, yakafuata maghala, ikafuata winchi iliyolia kama mgonjwa. Meli zilileta chumvi na saruji, ziliondoka na pamba, na siku ya meli mji mzima ulikuwa macho. Kazi ilikuwa na sheria moja. Baharia anasimama mbele ya meli, anarusha kamba. Anayeidaka na kuizungusha kwenye nguzo, yeye na kundi lake ndio wanaoshusha mzigo wa meli hiyo. Makuli walipigana viwiko kugombea kamba, wanaume watupu. Sisi wanawake tulipewa mifagio tufagie nafaka iliyomwagika, na tushukuru.

Siku moja mvua ilishuka ya kuziba macho. Makuli wakajibanza ghalani na chai yao. Meli ikatokea bila kutarajiwa, mto umejaa, maji yanakwenda mbio. Kamba ikarushwa, na gatini nipo peke yangu na ufagio wangu. Nikautupa. Kamba iliyolowa haidakwi kwa viganja, itakuchuna ngozi; unaipokea kwa mkono uliokunjwa, unageuka nayo, unaikimbiza nguzoni kabla meli haijaivuta. Nilikuwa nimewatazama miaka. Makuli walipotoka kupiga kelele, meli ilikuwa imeshatulia. Walitaka ninyang'anywe. Nyapara wetu alikuwa mtu mkali, hakutupenda hata kidogo, ila sheria aliipenda zaidi. Akasema, "Aliyedaka ndiye anayeshusha." Basi. Nikawaita wafagiaji wenzangu, tukashusha magunia ya chumvi kwa kujitwisha kichwani, mpaka la mwisho, na tangu hapo gatini pakawa na kundi la wanawake. Hizo nyumba za matofali za mtaa wetu, nusu yake zimetoka kwenye shingo zile.

Kisha wakajenga daraja, malori yakachukua kila kitu. Winchi ikauzwa chuma chakavu, nyasi zikaota kati ya mawe. Miaka hiyo ndiyo uliyoondoka, na sikulaumu. Mwaka huu halmashauri imeamka. Wamepaka maghala rangi, wameweka mabenchi, wakatangaza kwamba meli itarudi, ya abiria. Siku ya uzinduzi ikaangukia siku moja kabla ya basi langu. Nikavaa viatu vyako, nikaenda kuaga. Sikwenda kwa lingine, fundi ni shahidi.

Aliyepangiwa kupokea kamba ni mheshimiwa mwenyekiti, suti nyeupe, wapiga picha tayari. Baharia akarusha. Mheshimiwa akaiona inamjia usoni, akakwepa. Hata mimi ningekuwa na suti ile ningekwepa. Lakini maji yakaanza kuisukuma meli kwenye mawe, na ndani watu wamejaa, watoto wanalia. Baharia akaivuta kamba, akarusha tena. Sikumbuki nilivyowapita askari. Nakumbuka mkono ulijikunja wenyewe, bega likalia ko, nikageuka nikakimbia nguzoni, na hapo kiatu kimoja kikachomoka kikatumbukia mtoni.

Meli ikatulia. Halafu wazee waliokaa mabenchini, makuli wale wale waliotaka ninyang'anywe, wakaanza kugonga fimbo zao chini na kusema, mmoja baada ya mwingine, "Aliyedaka ndiye anayeshusha."

Mheshimiwa alidhani ni utani. Nikamwambia mimi na bega hili hatutanii. Akauliza maana yake, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatamka mbele ya wote kwamba mizigo ya meli hiyo, kila ikija, ni ya kundi la wanawake. Wasichana wakanizunguka wanataka kuingia. Kubeba siwezi tena. Kuwafundisha kudaka naweza, bega likipona, na hata lisipopona.

Sasa jambo lenyewe. Siji, mwanangu. Tiketi nimeirudisha, na masufuria nimemnyang'anya jirani, amenuna.

Na kuna neno moja nimelificha, hata humu baruani. Nimesema siku ile ya mvua nilikuwa peke yangu gatini. Sikuwa peke yangu. Ulikuwa mgongoni, nimekufunga kwa nguo, umelala fofofo mpaka gunia la mwisho. Sikukuambia kwa sababu uliona haya mno na mahali hapa. Waliokuita mtoto wa kuli walisema kweli. Hawakujua tu kwamba ni cheo.

Wabusu watoto, mume wako mwambie naye asinune. Fundi anataka nimalizie kwa kuomba radhi ya kiatu. Siombi. Kilichobaki nimekitundika dirishani, kinaonekana kutoka majini.

Ukija kunitazama, usije na basi. Panda meli, simama pale mbele na watoto wako, na mwambie baharia kamba amrushie mama yako.

Mimi mama yako mzazi,
Kuli.