Gunia la Tata Halishuki

Mama yangu wa Kianjokoma,

Ulisema haka kagari kangu ni ka kwendea sokoni tu, Timau hakawezi. Kameweza, na mshale wa petroli haujashuka sana! Barabara kuu haikunipa shida. Shida ilianza nikitoka kwa dada yako, Tata Kanyua.

Unamjua, kwake mgeni haondoki mikono mitupu. Alinipakilia gunia zima la viazi, kisha akaketi mbele anisindikize hadi lami. Kwenye ule mlima wa kutoka shambani, kagari kakaguna, kakasimama. Nikamsihi, "Tata, wacha tushushe viazi." Akafungua mlango. "Viazi ni vya mamako. Nitashuka mimi."

Akapanda kwa miguu kwenye hiyo baridi yao, leso kichwani, nami kando yake kwa gia ya kwanza, kama ninayesindikiza bibi harusi. Huko juu akapigapiga boneti: "Asante, kagari. Sasa mfikishe."

Niko Meru mjini kikazi, nitakuletea Ijumaa. Namshukuru Mungu kwa kunipa nyinyi wawili. Ukivimenya, Mama, toa maganda membamba. Viazi vilipanda mlima kwa gari, dada yako kwa miguu.

Wako,
Kendi