Mwaka Niliokimbia na Njoroge

Ruiru, Jumatatu, siku ya mwisho ya mwaka 1956

Joto. Vumbi la barabara ya shambani limetanda juu ya majani ya kahawa, na tangu alasiri upepo haujavuma hata kidogo. Acha niandike wakati mwanga bado upo mlangoni.

Daftari hili ni jipya. Lile nililoandika tangu Januari liko Thika, mezani kwa Bwana DO, ofisa wa serikali wa wilaya, na sijui kama nitaliona tena. Nilikuwa nimekusudia leo nilifungue, nisome mbio zote za mwaka mzima, nijisifu kidogo. Sasa nitaandika kwa yale yaliyobaki kichwani.

Januari nilianza kukimbia kwa sababu ya upweke. Nyumbani Maragoli nilikimbia kwenda shule na kurudi, na hakuna aliyeniuliza nakimbia nini. Hapa, katika Hali hii ya Hatari, mtu mweusi akikimbia barabarani hakosi kutokea mwenye bunduki anayetaka kujua anamkimbia nani. Wiki ya kwanza nilisimamishwa mara mbili. Bwana wa shamba, ambaye mimi ni karani wake wa mizani, alicheka sana, akaniandikia barua: huyu ni karani wangu, anakimbia kwa ajili ya afya yake. Niliifunga ndani ya kipande cha mpira, nikaivaa shingoni kama hirizi.

Njoroge hakuwa na barua. Yeye ni seremala wa shamba, Mkikuyu wa kile kijiji chenye handaki na seng'enge ng'ambo ya mto. Asubuhi anatoka kwa pasi, karatasi ya ruhusa ya serikali, na jioni lazima awe ndani kabla lango halijafungwa saa kumi na mbili. Februari alinikuta kando ya bwawa nikihema kama ng'ombe mgonjwa. Akaniambia nakimbia kwa mabega, ndiyo maana nachoka. Akavua viatu, akanionyesha.

Tangu siku hiyo tulikimbia pamoja kila saa ya chakula, kati ya mistari ya kahawa, tukizunguka bwawa na kurudi, bila kuvuka mpaka wa shamba. Alikuwa na mbio kuliko mimi. Sikuwahi kumwona akitumia nguvu zake zote, kwa sababu kila mara alikuwa akinisubiri.

Mvua za Aprili zilipogeuza njia kuwa matope, tuligeukia uvuvi. Baadhi ya Jumamosi Bwana alimtuma Njoroge Thika kununua misumari na gundi, nami, kwa kuwa mchana wake sikuwa na kazi, nikamfuata kumsaidia kubeba. Tukishamaliza dukani tulishuka mtoni Chania, chini ya maporomoko, na fimbo zetu za mwanzi. Juu kule hotelini Wazungu walikunywa chai wakitazama maji. Huku chini sisi tulilowa manyunyu na kuvua kambare wembamba wasiofaa hata kwa mchuzi.

Pale mtoni, siku moja ya Juni, Njoroge aliniambia neno juu ya mtu wa damu yake, mtu ambaye serikali ingependa sana kujua habari zake. Alilisema kwa sauti ndogo, macho yakiwa kwenye maji. Nadhani alikuwa amelibeba muda mrefu.

Nami, mpumbavu, nilirudi nyumbani nikaliandika.

Sitaliandika tena hapa.

Agosti kulikuwa na michezo ya mashamba. Nilishika nafasi ya tatu katika maili tatu, nikapewa blanketi. Njoroge hakuruhusiwa kushindana, kwa kuwa pasi yake ilikuwa ya kazi tu. Alitazama akiwa nje ya kamba. Angenishinda mimi na wale wawili walionitangulia, na sisi wote wawili tulijua hivyo. Blanketi lile ninalo, lakini sijalitumia.

Kisha ikaja Septemba, na Kilimambogo.

Wazo lilikuwa langu. Nataka hilo liwe wazi. Kila Jumamosi tulipokuwa Thika nilikiona kile kilima upande wa mashariki, cha buluu, kimekaa peke yake, nikawa natamani kusimama juu yake. Pasi ya Njoroge iliishia Thika. Nilimwambia nani atajua. Tulinunua misumari mapema, tukapanda lori la katani lililokuwa likielekea Ngoliba, tukateremka karibu na kilima na kuanza kupanda tukikimbia.

Hatukufika mbali. Tulisikia matawi yakivunjika, na nyati akatoka kichakani hatua chache mbele yetu. Sijui nilipandaje ule mti. Njoroge alikuja nyuma yangu na mfuko wa misumari mkononi, mfuko ukapasuka, misumari yote ikamwagika chini kwenye nyasi. Tulikaa juu ya mti ule muda mrefu tukimwangalia mnyama akinusa misumari yetu. Alipoondoka tulishuka, tukaiokota mmoja mmoja kwa vidole, na bado mingi ilipotea.

Tulirudi Ruiru dakika chache kabla ya lango kufungwa. Mimi nilicheka njia nzima. Njoroge hakucheka.

Ijumaa moja ya Novemba polisi walikuja kumchukua Njoroge. Kulikuwa na mtu aliyemwona juu ya lile lori. Na Jumamosi ileile, walisema, mtu fulani alipeleka dawa kwa wapiganaji waliojificha vichakani upande wa Ngoliba. Walitupanga mbele ya ghala. Njoroge alikuwa amesimamishwa pembeni, mikono kichwani, homugadi wawili, wale walinzi wa kijiji, nyuma yake. Alikuwa amewaambia kwamba alifika Thika tu, akanunua misumari, akarudi. Inspekta wa polisi alipita akiuliza mmoja mmoja. Alipofika kwangu aliniuliza kama huyu ni rafiki yangu.

Bwana alikuwa amesimama kando yangu. Barua yake ilikuwa shingoni mwangu.

Nikasema, "Namjua kama fundi tu."

Sikumtazama Njoroge. Nilitazama vidole vyake vya miguu, ambavyo kwa miezi tisa nilivifuata kwenye vumbi. Wakamwondoa.

Wiki zilizofuata ndizo zilikuwa za mavuno makubwa. Wanjiru, mkewe, ni mchumaji. Kila jioni alileta debe lake kwenye mizani yangu, akaliweka, akatazama mshale, nami nikaandika. Hakunisalimu, hakunilaumu. Nilianza kuogopa saa kumi jioni kuliko nilivyomwogopa yule nyati. Nilikimbia peke yangu mara tatu, nikaacha. Nilijiambia goti linauma. Goti halikuwa na kitu.

Jumamosi iliyopita aliweka debe, akangoja mwenzake wa nyuma asogee mbali, akasema polepole, "Karani, wewe unajua alikuwa wapi siku ile."

Halikuwa swali. Akachukua debe tupu akaenda.

Jana baada ya kanisa nilisoma daftari lote, kuanzia ukurasa wa kwanza. Siku ya Kilimambogo niliiandika kwa urefu: lori, nyati, mti, misumari. Niliona wazi kwamba daftari lile linaweza kumwokoa. Nikaona pia ukurasa wa Juni. Niliung'oa, nikawashia nao jiko, nikapika chai. Sikuweza kuinywa.

Leo asubuhi nilimwomba Bwana ruhusa ya kwenda Thika. Akauliza kuna nini Thika. Ningeweza kudanganya, nilikuwa hata na uongo tayari, lakini nilimwambia. Hakukasirika. Alisema tu kwamba nikienda huko kwa mambo ya Njoroge, nisirudi kwenye mizani yake. Nikavua ile barua shingoni, nikaiweka mezani pake, nikaenda kituoni kupanda gari moshi.

Bwana DO ni kijana, pua imebabuka kwa jua. Kiswahili chake ni kizuri. Alilisoma daftari taratibu, akilamba kidole kila alipofunua ukurasa, na mimi nimesimama. Alipofika Juni akaacha kusoma. Akapitisha kidole kwenye mshono wa daftari, mahali pale palipoachwa na ukurasa.

Akauliza ukurasa huu uko wapi. Nikamjibu kwamba niliwashia jiko. Akauliza kwa nini huo na si mwingine. Nikasema mwandiko wake ulikuwa mbaya.

Alinitazama kwa muda ambao ningeweza kukimbia nusu maili.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Njoroge, alisema, amesema kwa wiki zote hizi kwamba hakuvuka Thika. Kama daftari hili ni kweli, basi yeye ni mwongo. Kama yeye ni mkweli, basi daftari hili limetungwa, na mwongo ni mimi. Akaagiza Njoroge aletwe chumba cha pili, na mimi nikaketishwa nyuma ya ukuta wa mbao, askari akiwa kando yangu, nimekatazwa hata kukohoa.

Nilisikia miguu ikiburutwa. Nilisikia Bwana DO akimwambia kwamba yuko mtu anayesema alikuwa naye Jumamosi ile, mahali fulani. Njoroge akauliza ni nani. Wakamtajia jina langu.

Nilielewa anachokipima. Nilikuwa nimemkana mbele ya macho yake, na sasa anaambiwa aweke shingo yake juu ya neno langu, bila kujua nimesema nini. Jasho lilinitiririka mgongoni kama niko maili ya tatu.

"Kama Yohana amesema," nikamsikia hatimaye, "basi ni kweli. Tulikwenda Kilimambogo."

Akaulizwa kilichotokea huko. Akaeleza nyati. Akaeleza mti, na nani alipanda kwanza. Akaeleza misumari kwenye nyasi. Bwana DO akamwita karani wa ghala la shamba kwa simu, akamuuliza kama siku ile misumari ilipungua. Karani akasema ilipungua, na kwamba Bwana alipiga kelele sana.

Walimwachilia saa nane. Kosa la kuvuka pasi limebaki: hatatoka kijijini ila kwenda kazini, na Thika hatakanyaga mpaka watakapoamua. Mimi nilionywa. Daftari likafungiwa kwenye saraka, na Bwana DO akasema atalisoma tena akipata nafasi. Sina hakika kama huo ulikuwa mzaha.

Kutoka kituo cha Ruiru hadi kijijini ni mwendo mfupi, lakini leo ulikuwa mrefu. Nyayo za Njoroge zimevimba, na sikuuliza kwa nini. Nilijifunza mwendo wake: hatua tatu, pumzika, hatua tatu. Safari hii mimi ndiye niliyemsubiri.

Karibu na daraja akasema, "Siku ile ulisema mimi ni fundi tu."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nasikia."

"Najua ulikuwa unasikia."

Tukaenda. Nikamuuliza jambo lililonisumbua tangu nilipokuwa nyuma ya ule ukuta: kwa nini hakunitaja? Neno moja tu, kwamba alikuwa na mimi, na wangekuja kuniuliza.

"Wangekuja kukuuliza," alisema, "na ungesema hunijui. Hapo ningekuwa nimekwisha."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama fundi anayeeleza kwa nini hakutumia ubao fulani.

Nikamwambia na lililobaki, maana niliona nikilificha nitakuwa nimeanza kumkana upya. Nilimwambia kuhusu ukurasa wa Juni: kwamba niliandika, na kwamba nimeuchoma. Alisimama katikati ya daraja. Nilimwona akiogopa, yeye ambaye hakuogopa nyati wala inspekta. Akaniuliza kama nina hakika umeungua wote. Nikamwambia niliuona ukigeuka majivu. Akashika ukingo wa daraja, akapumua, kisha akaendelea kutembea.

Wanjiru alikuwa upande wa ndani wa lango. Askari alimpekua Njoroge, akamwacha apite. Mkewe hakulia wala hakumkumbatia mbele ya watu. Alichukua fundo lake la nguo, akamshika kiwiko. Alipogeuka kuondoka alinitazama juu ya seng'enge, akasema, "Haya, Yohana. Nenda salama." Mwaka mzima alikuwa akiniita Karani.

Nyapara alikuwa ananingoja nyumbani kuchukua ufunguo wa chumba cha mizani. Nimempa. Nina chumba hiki mpaka Ijumaa. Wapo wanaosema viwanda vya Thika vinaandika watu, hasa wanaojua kusoma. Nitakwenda kujaribu huko kabla ya kufikiria Maragoli, kwa sababu nikirudi Maragoli sasa nitakuwa nimekimbia kweli.

Hatukukubaliana kukimbia tena. Hakunipa mkono, wala mimi sikumwomba msamaha kwa maneno; kila nilipotaka kufungua mdomo, sentensi ilionekana nyepesi mno. Aliniokoa kwa kuniamini mara moja, siku ambayo hakuwa na sababu yoyote ya kuniamini.

Wiki tano nilijua alikuwa wapi. Wiki tano nzima.

Mwaka unaisha, na hakuna aliyeniahidi kwamba hawatarudi. Wakinipanga tena mbele ya ghala fulani, wakanionyesha mtu mwenye mikono kichwani na kuniuliza kama ni rafiki yangu, je, nitajibu papo hapo kwamba ndiyo?