Nilifumba macho kwenye kisu

Shoga, nimejifungia chooni hapa bodi ya filamu.

Leo nilikaa kama mwakilishi wa wazazi, kupanga umri wa watazamaji wa filamu moja. Kisu kilipotolewa tu kwenye filamu nikafumba macho, nikasali mpaka kelele zikaisha.

Mwenyekiti akaanza na mimi. Nikasema watoto wote waione. Watoto wote, shoga.

"Hata ile sehemu ya shingo, mama?" akauliza.

Shingo gani? Kwa aibu nikajibu ina mafunzo.

Wenzangu walitaka miaka kumi na sita. Sasa eti, "Kama mama wa sala ameridhika, sisi ni nani?" Wametia sahihi, imebaki yangu.

Nikikiri, namwaibisha mwalimu wetu wa darasa la jioni aliyenipendekeza. Nikisaini, wanangu wataiona hiyo shingo.

Wanagonga mlango. Nawaambia nilifumba macho, tuirudie. Niombee nisifumbe tena.