Kilio cha Mama Yangu Kimechezwa Sinemani

Mama Roselyn mpendwa, mimi msomaji wa safu yako ya ushauri, pokea salamu zangu katika jina la Bwana. Nakuandikia kwa sababu jambo lililonipata Jumapili sijaweza kulimeza wala kulitema, na huku Flemingsberg ninakofanya kazi ya uuguzi wenzangu wananiuliza kama ninaumwa.

Mimi ni Mkongo, mtu wa Butembo, na mume wangu Thayaparan ni Mtamil, wazazi wake walikimbia vita Sri Lanka naye akakulia hapa Stockholm, nami nilimpendea violini yake, alikuwa akipiga katika okestra kubwa ya mjini, na hata mama yangu anayeishi Södertälje, ambaye mwanzoni hakutaka kumsikia kabisa mkwe asiyejua hata kuomba chumvi kwa lugha yetu, alimkubali siku alipompigia nyimbo za kanisani sebuleni kwake. Kisha mwongozaji mmoja wa filamu za Kitamil akamsikia kwenye arusi ya jamaa zao, akamwomba atunge muziki wa filamu ndogo, ikapendwa, akaombwa nyingine, akawa mguu mmoja Chennai kule India na mguu mmoja hapa, mwisho akaacha okestra na kuniambia akiwa ameshaacha, nikashtuka lakini nikajiambia mtu akifuata kipaji chake usimvute shati.

Mwaka jana tulimzika kaka yangu Hervé. Kwenye matanga mama alimlilia kwa Kinande, lugha yetu, kilio cha kuimba kama wanavyolia mama zetu, akimuuliza mwanawe, umeniachia nani wa kunizika? Nyumba nzima tulianguka chini.

Basi Jumapili filamu kubwa ya mume wangu ikaonyeshwa mjini, ukumbi umejaa Watamil na watoto wao, mimi nimevaa sari aliyoninunulia mama mkwe, na katikati ya filamu ikaja arusi, bwana arusi na miwani yake ya jua, wachezaji, rangi zinarushwa, ngoma zinalia, na juu ya ngoma hizo ikapanda sauti. Mama Roselyn, ilikuwa sauti ya mama yangu. Si ya kufanana nayo, ni yeye mwenyewe, yuko matangani! Watu wakapiga miluzi, wengine wakasimama kucheza, na binti yangu Concessa akapiga kelele kwa Kiswidi, "Mamma, det är ju mormor!" Mama, huyu si bibi? Nilimshika mkono nikatoka naye.

Thayaparan alitufuata nje huku anacheka, alidhani nimeguswa na furaha.

Nikamuuliza, "Ulimrekodi mama akimlilia Hervé?"

Akasema, "Kwa simu, nilikuwa nimekaa kando. Sijawahi kusikia sauti kama ile, Victoire. Kwetu tunampigia maiti ngoma, watu wanacheza mpaka kaburini. Sikuona kuwa ni ubaya."

"Maneno yake unayajua?"

Akasema, "Sikuuliza."

Majina yalipoonyeshwa mwishoni, shemeji yangu, ndugu wa Thayaparan aliyebaki ndani, ananiambia, la mama halikuwemo, waliandika tu "sauti ya Kiafrika".

Sasa mama hajui lolote, na anajivunia mkwe wake mbele ya kanisa zima, na Jumamosi hii anakuja kuitazama filamu pamoja na akina mama wa kwaya. Na Thayaparan tunaambiana maneno ya jikoni tu, basi. Je, nimwambie mama filamu imeahirishwa? Nimwache huyu mwanaume? Nisaidie, kichwa changu kimesimama.

Victoire, Flemingsberg

*

Victoire mwanangu, pole. Nimesoma barua yako, nikaiweka chini, nikatembea chumbani, nikaisoma tena. Mume wako amechukua machozi ya mfiwa bila kubisha hodi. Desturi ya kwao naiheshimu, lakini anayempigia maiti ngoma anajua ni nani amekufa. Pale ukumbini nani alijua kuna Hervé?

Ila na wewe nakukaripia. Eti umwambie filamu imeahirishwa! Mtoto mdogo ameitambua sauti ile gizani, huku ngoma zinapigwa, nawe unataka kumficha mwenye sauti? Mficha maradhi kilio humuumbua. Ukikaa kimya, mama yako ataikuta Jumamosi mbele ya kwaya nzima, na hapo aliyemwumiza hatakuwa mkwe peke yake.

Kuachana usinizungumzie sasa. Mtu aliyesema "sikuuliza" badala ya kusema uongo bado anafundishika.

Kabla ya Jumamosi pandeni treni nyote wawili mwende Södertälje, Concessa mwacheni kwa shemeji yako. Usiseme wewe. Aseme yeye kwa kinywa chake, amesimama, simu iko mkononi: mama, siku ile nilikurekodi, na nimeitia sauti yako kwenye arusi ya filamu. Mama akilia, msimnyamazishe. Akimfukuza, mkwe atoke, arudi kesho yake, na kesho kutwa. Kisha mama amtafsirie kilio chake neno kwa neno, maana mtunzi asiyejua anachokitunga ni mwizi wa sauti hata akipigiwa makofi.

Baada ya hapo uamuzi ni wa mama. Akisema jina lake liandikwe, liandikwe, Concessa asome jina la bibi yake. Akisema kilio kitolewe, kitolewe, hata kama Chennai nzima imeshakizoea. Na mume wako asiguse violini kwa ajili ya filamu nyingine mpaka mama yako ajibu.

Mpigie mama yako simu leo. Mwambie mnakuja.